Madafu Kumi ya Mama Somoe

Kila mmoja wenu hapa Lindi, uwanjani kwa Hamisi mkwezi wa minazi, ameniuliza kwa wakati wake kama mgonjwa aliyanywa yale madafu. Nimekuwa nikijibu, "Ah, nilifika salama," kisha naomba kiberiti. Nimeona niandike mara moja, maana nikisimulia kwa mdomo mtanikatiza kabla sijafika Masasi.

Wasiomjua Mama Somoe, huyu ni mjane wa Newala. Miaka mingi iliyopita nilipanda huko msimu wa korosho kutafuta kibarua, nikaharisha mpaka nikashindwa kusimama. Sikuwa na ndugu huko wala aliyenifahamu. Mama Somoe alinilaza kwenye jiko lake la nje, akachemsha maji, akatia chumvi na sukari, akaninywesha kwa kijiko. Kijiko kimoja, anangoja, kingine. Siku tatu. Nikitaka kikombe nigugumie ananipiga kidoleni. "Polepole, Musa. Tumbo lako ni mtoto sasa."

Katika kunywesha huko alikuwa anazungumza, na mazungumzo yake yalikuwa ya madafu. Alipoolewa mara ya kwanza, bado msichana, alikaa Mikindani, na kila alfajiri mumewe alimletea dafu moja kabla hajaenda kazini. Mume alikufa, yeye akarudi kwao juu, Newala. Tangu hapo hakuonja tena. "Ningekuwa na dafu hapa," aliniambia, "leo ungekuwa umeamka." Nikamwahidi nikipona nitamletea. Nilipona, nikaondoka, nikaenda Tunduru, Songea, Kilwa, na kila mahali ambako mtu hanijui. Ahadi ikabaki nyuma kama kiatu kimoja.

Mwezi wa kumi bintiye, Somoe, akaniandikia kwenye simu: "Mama anaumwa. Yuko kwa mama mdogo Chiwata. Anakusalimia. Anasema ana kiu sana."

Hilo neno kiu lilinitosha. Jioni ile ile nilikuwa chini ya mnazi, namwita Hamisi ashuke anisikilize.

Lindi hadi Nanganga

Hamisi aliniangulia madafu kumi, akayateremsha kwa kamba yasije yakapasuka kwa kishindo. Mnajua alivyo mgumu. Kitale alikikataa, kwamba maji yake bado yana ukakasi. Koroma akalikataa pia, kwamba utamu umeshahamia kwenye nyama. Alichagua yale ya katikati, akiyagonga kwa ukucha na kusikiliza kama mtu anayebisha hodi. Akaacha vikonyo vyake. "Dafu likikaa na kikonyo na ganda lake lote, litakuvumilia siku nyingi," alisema. "Ukilivua nguo, hesabu saa."

Nami nilijua ninachokibeba. Shule niliiacha darasa la sita, ila kuuliza sijaacha, na nesi mmoja wa hapa mjini nilishamsumbua sana kwa maswali. Ndiye aliyenieleza kuwa maji ya dafu yana sukari kidogo, chumvichumvi za mwili, na hasa kitu kinachoitwa potasiamu, nyingi kweli. Kwa mtu aliyetoka jasho kutwa ni kinywaji kizuri. Kwa anayeharisha sana, akasema, dawa ya pakiti bado ni bora, kwa sababu dafu lina chumvi ya kawaida kidogo mno. Nikamwambia basi Mama Somoe na kijiko chake alikuwa daktari. Akacheka, akasema alikuwa sahihi.

Basi liliondoka asubuhi. Gunia nililiweka miguuni. Baada ya Mtama minazi ikaanza kupungua, mmoja hapa, mmoja kule, kisha nikawa natazama nje natafuta na sioni. Karibu na Nanganga mkanda wa injini ukakatika, tukashuka wote. Jua la mwezi wa kumi mnalijua. Watu walijibanza kwenye kivuli cha basi, na kila kivuli kilivyosogea nao wakasogea.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee wa makamo, mnunuzi wa mbaazi, mwenye kofia safi na sauti ya mnada. Aliniuliza kwetu wapi. Nikamwambia baba yangu ni Mngoni wa Songea. Kosa.

"Mngoni!" alipiga kelele abiria wote wasikie. "Mimi Myao! Jamani, huyu mtani wangu! Babu zake walikuja Masasi wakachukua kila kitu mpaka kuku aliyelalia mayai!"

"Kuku wenu walikuwa wamekonda," nikamjibu. "Tuliwaonea huruma."

"Sasa leo nalipiza." Akafungua gunia langu mbele ya macho yangu, akatoa dafu, akaliinua juu. "Hili ni la yule kuku!"

Nilitaka kumwambia ni la mgonjwa. Lakini mtani akichukua kitu chako hadharani hununi. Ukinuna umevunja zaidi ya dafu. Dereva akaleta panga. Mzee akanywa mafunda mawili tu, akalitazama lile tundu. Kisha akampelekea mama mmoja mjamzito aliyekuwa ameketi juu ya ndoo akijipepea, akamwambia, "Kunywa, mwanangu, Mngoni amelipa."

Mama yule alikunywa lote. Baadaye akaniita, akaniambia kizunguzungu kimetulia. Nilifurahi, ila nilihesabu. Yamebaki tisa.

Basi lilipotengenezwa yule mzee alisinzia begani kwangu mpaka Ndanda. Aliposhuka alinipungia mkono bila kuniuliza jina.

Masasi

Niliingia Masasi alasiri, ile milima ya mawe imewaka rangi ya kutu. Bodaboda walinizunguka. Niliwaambia naenda Chiwata, wakaniambia kesho, njia imechimbwa, tena na gunia hilo. Somoe hapokei simu. Nilipata chumba karibu na stendi, nikalisimamisha gunia kando ya kitanda.

Nilikwenda kula mgahawani na gunia begani, nikaagiza wali na maharage. Mhudumu akaweka sahani mbili.

"Niko peke yangu, dada."

"Nimekuona umevuta kiti cha pili."

Kweli nilikuwa nimekivuta, nikaweka gunia juu yake, maana sikutaka kuliacha chumbani. Akalitazama.

"Ni nini humo?"

"Madafu. Nampelekea mama mmoja."

"Mama yako?"

Nikasema ndiyo. Lilitoka lenyewe. Mama aliyenizaa simkumbuki sura, na sijawahi kumwita mtu mwingine hivyo nje ya salamu. Nilikula haraka, nikaondoka, na njia nzima neno lile lilikuwa limenikwama kama mfupa wa samaki.

Chiwata

Bodaboda wa asubuhi alikuwa mpole, alikwepa mashimo kama aliyebeba mayai. Mikorosho pande zote, mabibo yameanguka chini yanachacha, harufu inapanda kichwani. Mdogo wake Mama Somoe anaitwa Mama Hadija. Nilimkuta anakausha korosho kwenye jamvi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Wewe ndiye Musa wa kijiko?"

Nilicheka. Nilipomuuliza mgonjwa akaacha kuzigeuza korosho. Dada yake alikuwa amezidiwa, wamempandisha Newala wiki iliyopita, kwake, awe karibu na hospitali. Somoe hakuniandikia kwa sababu simu ilianguka kwenye ndoo.

Nilitaka kugeuza siku ile ile, bodaboda akawa ameshaondoka, na Mama Hadija hakutaka kunisikia. Aliniletea maji ya kunywa, kisha ugali wa muhogo na mbaazi, na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwenye ungo. Nilimwambia habari ya madafu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akalijaribu gunia kwa mkono.

"Umebeba hili tangu Lindi? Utavunjika mgongo."

"Kwa ajili yake nitabeba."

"Mm," akasema, na akaenda kulala akiwaza lake.

Kulipopambazuka nilisikia sauti ninayoijua, sauti ya makumbi yakichanwa. Nilitoka mbio. Mama Hadija alikuwa amesimama mbele ya kifuo, kile chuma cha kufulia nazi, amejifunga khanga kiunoni, jasho linamtoka. Pembeni yake makumbi ya kijani. Alikuwa ameshayafua sita.

"Nimekupunguzia mzigo, mwanangu!" alisema kwa furaha. "Nazi hubebwa zimefuliwa. Wa pwani mmesahau hata hilo?"

Kwa nazi alikuwa sahihi. Nazi kavu ina kifuu kigumu, ukiivua makumbi unaijaza kwenye kapu na kusafiri nayo wiki mbili. Dafu kifuu chake ni laini kama ukucha wa mtoto. Manne yalikuwa yametobolewa na kifuo na yanavuja kwenye mchanga, mchanga unakunywa. Mawili yalikuwa mazima lakini uchi, na kwa joto lile yasingemaliza siku.

Nadhani uso wangu ulisema. Mama Hadija alitazama chini, akaona maji yanavyopotea, akapiga magoti akayakinga kwa viganja. "Mungu wangu. Ni maji tu yaliyomo? Hamna nyama?"

"Ni maji, mama mdogo."

"Nimemwagia dada yangu maji yake."

Mwanamke wa huko kusema hivyo si jambo dogo. Hawa walikua wakishuka mabondeni kutafuta maji, wanalala foleni kisimani na kurudi na mtungi mmoja. Nilimwinua. Nikamwambia yamebaki matatu na matatu yanatosha. Tukaita majirani, wakaja na vikombe, tukanywa yaliyosalia ndani ya yale manne na yale mawili pia. Mzee mmoja alisema yana ladha ya maji yaliyokumbuka sukari. Wengine walicheka. Mama Hadija hakuonja.

Kupanda Newala

Nilirudi Masasi, nikapata basi dogo la Newala. Gunia sasa lilikuwa jepesi, nikalipakata. Barabara inapanda kwa kujikunja, na kila ikijikunja unaona ulikotoka kwa chini, kama unaonyeshwa kwamba unaweza bado kurudi. Juu kabisa upepo ukawa wa baridi. Kwa mbali chini lilionekana bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake milima ya Msumbiji, bluu.

Sikuwa na wa kumwonyesha. Wa kushoto kwangu alikuwa anazungumza na simu, wa kulia amelala. Mimi nimezoea, lakini siku ile nilisema kwa sauti, "Tazama," na hakuna aliyegeuka.

Niliteremka saa tisa. Nilipita wanawake wenye ndoo kwenye bomba lililokuwa linatoa maji kwa kusitasita, nikaukuta ule mtaa kwa kukisia. Jiko la nje bado lipo. Limeezekwa bati sasa.

Nyumbani kwa Mama Somoe

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Shikamoo mama. Ni Musa."

Nilisikia kitanda kikilia. Kisha, "Marahaba. Umechelewa."

Alikuwa ameketi kitandani, mguu umevimba, uso umevimba, mikono imekonda. Mtu aliyekauka na kujaa wakati mmoja. Sikuwa nimewahi kuona hivyo. Midomo ilikuwa imepasuka. Kwenye kigoda kando yake palikuwa na kikombe kidogo cha plastiki, kimechorwa mstari kwa kalamu, na hakina kitu.

Desturi ya huko mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa habari. Aliniambia nijitekee mtungini. Nilikunywa, na nilipoinua macho nikaona ananitazama koo.

"Umeleta nini?"

Nikalifungua gunia. Nilipoliweka dafu la kwanza mapajani mwake aliliinua kwa mikono miwili, akalinusa kikonyo. Machozi hayakumtoka, ila pumzi yake ilibadilika.

"Panga liko nyuma ya mlango," alisema. "Fanya upesi kabla Somoe hajarudi."

Nilikuwa nimeshalishika panga. Nimeshalikata dafu juu, tundu limefunguka, maji yametulia ndani meupe. Ndipo nikauliza, kwa ule ugonjwa wangu wa kuuliza:

"Kwa nini kabla ya Somoe?"

"Somoe ana maneno mengi."

"Maneno gani, mama?"

Alinyoosha mkono. Nami nikaona karatasi iliyobandikwa ukutani, juu ya kitanda, maandishi ya Somoe. Nikaenda kuisoma. Maji, vikombe vitatu kwa siku, mpaka kwenye mstari. Usile ndizi. Usile machungwa. Usile parachichi. Mboga zichemshwe, maji yamwagwe, zichemshwe tena. Chini kabisa, kama mtu aliyeandika bila kujua maana: *figo haziwezi kutoa potasiamu*.

Nililisoma hilo neno mara mbili. Neno la nesi wa Lindi.

"Mama, ni figo?"

"Ndiyo wanavyosema. Nipe."

"Kiu uliyosema kwenye simu ni hii? Wamekuzuia maji?"

"Nimeshuka bondeni miaka yangu yote kwa ajili ya maji," alisema polepole. "Sasa yamejaa mtungini hatua tatu kutoka nilipo, nimepimiwa kama paka. Nipe dafu langu, Musa."

"Lina potasiamu. Nyingi."

"Dafu halimo kwenye karatasi."

Na kweli halimo. Nani Newala angewaza kuandika dafu? Nyumba nzima, pengine mtaa mzima, mtu pekee aliyejua kilichomo ndani ya tunda lile nilikuwa mimi. Ningempa, angekunywa, angefurahi, na hakuna ambaye angeniuliza. Nilisimama katikati ya chumba nimelishika kwa mikono miwili lisimwagike. Nilitembea nalo tangu Lindi. Nilikuwa na deni lake tangu nilipokuwa kijana.

"Simpi mtu kitu nisichojua kitamfanya nini," nikasema. "Tumngoje Somoe, tupige hospitali tuulize."

"Umetoka Lindi kuja kuninyima maji?"

Aligeukia ukuta. Tulikaa hivyo, mimi na dafu lililofunguliwa, mpaka Somoe aliporudi na mtoto wake mgongoni. Nilimweleza, nikampa simu yangu, akapiga hospitali. Nesi wa wodi alisema maneno machache, Somoe akaweka spika ili mama yake asikie mwenyewe: kwa figo zake hizo, potasiamu ikijaa kwenye damu, moyo unaweza kusimama. Asiguse. Nesi akauliza nani aliyemzuia asilinywe. Somoe akasema mgeni. Nesi akasema mwambieni ahsante.

Mama Somoe alikuwa bado amegeukia ukuta. Kisha alisema, "Somoe, niletee kijiko."

"Mama, umesikia..."

"Nimesikia. Kijiko."

Akageuka, akakaa vizuri, akaliomba dafu. Nikampa. Alichota kijiko, akakiinua. Kisha akakinyoosha kwangu.

"Fungua mdomo."

Nilifungua.

"Likoje?"

"Tamu," nikasema.

"Hilo hata Somoe angesema. Likoje?"

Nikajaribu. Nikamwambia mwanzo ni kama maji ya mvua, baridi, halafu utamu unakuja nyuma ya ulimi, haukimbilii. Mwisho kuna chumvi kidogo sana, kama midomo ya mtu aliyetembea ufukweni.

"Eeh," alisema, amefumba macho. "Hiyo chumvi. Nilikuwa nimeisahau hiyo chumvi."

Akachota kingine. Nilitaka kulishika dafu mwenyewe nimpunguzie kazi, akanipiga kidoleni.

"Polepole, Musa."

Nilikunywa lote namna hiyo, kijiko kwa kijiko, na kila kijiko alitaka kusikia. Nilipokosa maneno alinisaidia ya Mikindani: mlango wa nyumba yao ulikuwa wa rangi gani, mumewe alikuwa anapiga mluzi akija. Somoe alikaa sakafuni akimnyonyesha mtoto. Baadaye aliniambia hakuwahi kusikia habari za yule mume.

Kushuka

Nilikaa siku mbili. Dafu la pili alimpa Somoe, anyonyeshaye, akimsimamia alimalize. La tatu alikataa lisifunguliwe. Liko kigodani, kando ya kikombe chenye mstari. Anasema analitazama tu.

Siku ya kuondoka aliniuliza nitarudi lini. Mimi hujibu watu wote, "Mungu akijalia," kisha siendi. Nilimwambia korosho zikiisha. Akaniambia nisilete kitu.

Nimefika hapa, mmenikuta mnavyonikuta siku zote, na mkeka wangu pembeni. Hamisi, wewe ndiye uliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote. Hakunywa hata tone. Nifundishe kupanda mnazi kabla korosho hazijaisha, maana huko juu nitapeleka maneno tu, na ataniuliza dunia huonekanaje kutoka dafu lilipo mtini, nami sitaki kumdanganya.